Jua ni la bure. Batri nani atailipa?

Bandugu, bayaya, vijana wenzetu wa Moba-Port na wa Kirungu, na ninyi mulio Kalemie, Lubumbashi, hata ng'ambo kule Kigoma, munaotusoma kwenye simu yenye asilimia saba ya moto:

Tumesikia tena lile neno. Mkubwa mmoja alifika, akainua macho, akaona pano za jua zinameta juu ya mabati yetu, akasema mbele ya watu: "Moba munaendelea! Muangalie, umeme iko karibu kila nyumba." Wengine walipiga makofi. Sisi hatukupiga, na tunaandika tamko hili juu ya makofi yale.

Zile pano alizoziona, Leta haikununua hata moja. Hii alinunua mama kwa pesa ya ndakala. Ile alinunua mwalimu, alikula madeni miezi minne. Ile nyingine ni ya kijana aliyerudi kutoka machimboni akaona bora anunue pano kuliko pikipiki. Kila pano iliyo juu ya nyumba ya Moba inasema jambo moja tu: mwenye nyumba hii alichoka kungoja. Mtu akizihesabu kuwa kazi ya serikali, ni sawa na kuja kwenye kilio, ukute majirani wamechanga unga na kuni, halafu usimame useme ni wewe uliyelisha watu.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kipengele cha 48, inasema haki ya kupata maji safi na umeme inahakikishwa. Haisemi "inahakikishwa kwa yule anayeweza kujinunulia Moba-Port". Na kwa hesabu za Benki ya Dunia, Mkongomani mmoja kati ya watano tu ndiye ana umeme, na vijijini ni karibu mmoja kwa mia. Hatutaki hao wengine wahesabiwe kwa ujanja kwa sababu wana taa moja na redio.

Lakini leo hatutaki kulia juu ya pano. Pano si shida kubwa. Pano nzuri inaishi miaka 25 na bado inatoa sehemu kubwa ya nguvu yake. Haili, hainywi mafuta, inaoshwa vumbi tu wakati wa kiangazi. Jua lenyewe hakuna mtu analipisha, ijapokuwa hapa kwetu usiape sana. Shida iko chini, ndani ya nyumba, kwenye kona, imefunikwa kitenge: batri.

Uliza mama yeyote wa hapa. Hatakuambia "pano yangu imekufa". Atakuambia: "Batri njo imekufa tena." Tena! Hilo neno "tena" ndilo siasa yote ya umeme wa jua Moba.

Tufanye hesabu pamoja, pole pole. Batri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100, ile nzito ya kubebwa na watu wawili, ndani yake muna wati-saa 1,200. Lakini ukitaka ikae, usitumie zaidi ya nusu, ni kusema 600. Taa nne za wati 5 kwa saa tano za usiku ni 100. Simu tatu ni karibu 60. Televizyo ndogo ya wati 40, saa tatu, ni 120. Jumla 280. Inaingia vizuri, nyumba inakaa na amani. Sasa tatizo: wengi wetu hatuna ile batri ya jua. Tuna batri ya gari. Batri ya gari imetengenezwa kupiga nguvu nyingi kwa dakika kidogo, kuwasha motere, kisha kujazwa mara moja. Haikutengenezwa kunyonywa usiku mzima mpaka taa inakuwa nyekundu kama jicho la mlevi. Ukiifanyia hivyo kila siku, haimalizi mwaka. Ukikosa regilatera, au ukinunua ile ya uongo yenye taa tatu za kupendeza na ndani hamuna kitu, inakufa mbele zaidi.

Iko batri ya lithiamu, ile wanayoita ya chuma na fosfati, ambayo inanyonywa na kujazwa mara elfu kadhaa na inaweza kufikisha miaka kumi. Bei yake ya siku ya kwanza inafukuza watu. Kwa hiyo masikini ananunua ile ya bei ya chini, inakufa, ananunua tena, inakufa. Mwisho wa miaka kumi amelipa zaidi kuliko yule tajiri, na bado yuko na giza. Hakuna aliyemfundisha, hakuna aliyemkopesha, na hakuna aliyemkataza mfanyabiashara kumwuzia takataka.

Na asiye na pano kabisa? Huyo ndiye analipa kupita wote. Tuseme analipa franka 500 kujaza simu yake kwenye kibanda. Simu yenye batri ya 5,000 inakula karibu wati-saa 20. Piga hesabu: kilowati-saa moja anainunua kwa franka 25,000. Ile kilowati-saa moja ndiyo pano moja nzuri ya wati 200 inaokota kwa siku moja ya jua zuri, ukiondoa kidogo inayopotea njiani. Hatusemi hivi kumshitaki mwenye kibanda. Ni ndugu yetu, na yeye pia kila mwaka anazika batri. Tunasema hivi kwa wale wanaorudia kwamba "watu wa Moba hawana uwezo wa kulipa umeme". Bandugu, tunalipa! Tunalipa bei ambayo kwa mji wenye waya wangeandamana mpaka asubuhi.

Sasa tuje kwa mambo ya wote, maana nyumbani kila mtu anajipanga.

Tunajua kituo kimoja cha afya, hatutakitaja jina kwa sababu waganga wa pale ni watu wa kazi na hatutaki wapate matata. Walipewa pano, batri, konvertisa, taa za chumba cha kuzalisha. Siku ya kufungua palikuwa na hotuba, picha, vinywaji. Mwaka wa kwanza taa ziliwaka. Mwaka wa pili zilianza kuzima saa nne za usiku. Mwaka wa tatu mama mmoja wa familia ya mwenzetu alizaa mtoto huku mkunga ameshika simu kwa meno ili mikono yake ibaki huru. Mtoto na mama wako salama, aksante Mungu. Pano bado ziko juu, nzima kabisa. Batri ndizo zilikufa, na katika karatasi zote za ule mradi hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema batri ya pili italipwa na nani.

Ile ndiyo tunaita umeme wa picha. Unawaka mpaka picha ifike Kinshasa.

Ni vilevile kwa taa za barabarani za jua. Muzihesabu katika miji yetu yote ya Tanganyika: ngapi zimesimama kama miti mikavu, na nguo za mtu zimeanikwa pale? Nguzo nzuri, pano nzuri, sanduku la batri tupu au limeibwa. Na mwaka wa kampeni unapokaribia, wanaleta nguzo nyingine mpya pembeni ya zile zilizokufa. Kubadilisha batri hakukatiwi utepe, njo maana hakuna mkubwa anayekuja kuibadilisha.

Wavuvi wetu walielewa zamani kuliko wote. Usiku usio na mwezi wanatoka na taa kuita ndakala. Wazee walitumia taa za petroli za kupampu, leo ni taa za LED na batri iliyojazwa mchana. Petroli ilikuwa ghali na moshi wake unaingia machoni, hakuna anayetaka kuirudia. Lakini ukinunua batri ya uongo, inazima saa saba za usiku katikati ya ziwa, samaki wanatawanyika, na unarudi ukiwa na deni la karburan ya motere. Kwa mvuvi, batri mbaya si kukosa tu kuangalia mpira. Ni watoto kufukuzwa shuleni juu ya minerval.

Hizo batri mbaya zinaingia wapi? Hazishuki na mvua. Zinakuja na maboti kutoka ng'ambo, upande wa Kirando, Kipili, Kasanga, na nyingine kutoka Kalemie na Lubumbashi. Pale bandarini, kwa duane na kwa servisi zingine ambazo hata majina yake yanabadilika, kila mtu anaangalia mzigo. Lakini wanaangalia nini? Wanaangalia unaweza kutoa kiasi gani. Mama anayeleta pano tatu za kuuza analipa hapa, analipa pale, analipa mara ya tatu bila risiti, na yote anaiongeza juu ya bei yako wewe. Ila hakuna hata mmoja wao anayeuliza: hii pano iliyoandikwa wati 300, ni kweli 300?

Na hapa, vijana wenzetu, tusijifiche. Anayebandika ile etiketi ya uongo mara nyingine ni mmoja wetu. Anayetoa batri iliyokufa, anaipaka rangi, anaijaza usiku na kuiuza asubuhi kwa mjane wa kijijini, tunamjua, tulisoma naye. Tumecheka naye. Movement haiwezi kupigia kelele wakubwa na kunyamazia hao.

Kwa hiyo jifunzeni hili, na mufundishe wamama sokoni. Chukua mita. Pano nzuri ya leo, yenye ukubwa wa mita moja kwa mita moja, inatoa karibu wati 200 kwenye jua kali. Haiwezi kutoa 400, hata ukiiombea. Kama pano ni ya mita moja kwa nusu mita na imeandikwa wati 300, ni uongo. Haifiki hata 110. Huhitaji diploma, unahitaji mita ya fundi cherehani. Kwa batri, angalia uzito: batri ya risasi inayojiita ampea-saa 100 na unaibeba kwa mkono mmoja ukitembea, hiyo wamekuuzia plastiki na maji.

Tunajua jibu la wakubwa, tumelisikia toka tukiwa watoto: "Mungoje, umeme mkubwa unakuja." Unatoka wapi? Kituo cha Bendera, kwenye mto Kyimbi kaskazini mwa Kalemie, kilijengwa wakati wa Wabelgiji. Kalemie yenyewe inakitegemea na inalia kila siku juu ya kukatikiwa. Waya wake haujafika Moba. Piana-Mwanga, kwenye mto Luvua, ilijengwa kwa ajili ya migodi ya bati ya Manono, vita ikaiacha magofu, na kwa miaka mingi ilikuwa ahadi tu. Inga tusiongee, Inga ni hadithi ya kulalisha watoto. Hatukatai mabwawa. Yakija, yatukute tayari tunaishi.

Halafu kuna hili la Manono, linalotuchoma roho kwa sababu Manono ni jimbo letu, Tanganyika hiihii. Chini ya udongo wa Manono kuna moja ya akiba kubwa za lithiamu zinazojulikana duniani. Lithiamu! Ile ile ya batri ambayo mama wa Moba hawezi kuinunua. Miaka sasa makampuni yanashitakiana mpaka kwenye mahakama za nje juu ya nani achimbe. Katika zile kesi zote, hakuna wakili aliyesimama kuuliza kama kata moja ya jimbo la Tanganyika itapata batri moja. Jiwe litatoka kwetu kwa lori, litazunguka bahari, litarudi Moba-Port ndani ya kasha, na pale bandarini tutalipishwa mara tatu.

Lakini pia Manono inatufundisha kwamba inawezekana. Tangu 2018 mji ule una kituo cha jua cha megawati moja, na batri zake. Goma walifuata: Februari 2020, kule Ndosho, kampuni ya Nuru ilifungua kituo cha megawati 1.3, na nyumba, vinu na maduka vikaunganishwa kwa waya. Hatusemi kila kitu kule ni kizuri, watu wa kule wana malalamiko yao kuhusu bei. Tunasema hakuna tena mtu wa kutuambia kwamba jua ni la taa mbili na redio. Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ilishafungua mlango, SNEL haiko tena peke yake. Kinachokosekana Moba si sheria, na jua hatukosi.

Basi tunataka nini? Cha kwanza na cha maana kuliko vyote: mstari wa batri. Katika bajeti ya jimbo na ya teritware, uandikwe mstari unaosema wazi kila mwaka kiasi gani kinawekwa pembeni kwa kubadilisha batri za vituo vya afya, shule na taa za barabara. Hata kidogo, lakini uwe na jina na watu wauone. Na mradi wowote unaokuja, wa serikali, wa PDL-145T, wa kanisa, wa ONG, kabla ya kukata utepe utuonyeshe karatasi: batri ya pili italipwa na nani, mwaka gani, kutoka sanduku gani, na fundi wa hapahapa anayejua kuifunga anaitwa nani. Bila ile karatasi, hatutakuja kucheza ngoma siku ya kufungua. Tunawaomba wazee wa kata na wamama wa makanisa wasije pia.

Kisha waanze na kazi za mchana. Hili watu wanalisahau. Jua likipampu maji mchana na kuyapandisha kwenye tangi, usiku maji yanashuka yenyewe, huhitaji batri kubwa. Tangi ndiyo batri. Kinu cha muhogo na mahindi kinaweza kusaga toka saa tatu mpaka saa tisa na kulala usiku kama watu. Ziko hata friji za chanjo zinazogandisha barafu wakati wa jua na kulinda chanjo usiku kwa baridi ile ile, bila batri ya kuhifadhi umeme. Mhandisi anayekuja na mpango wa taa mia moja za barabara wakati watoto wa Kirungu wanabeba bidoni kutoka mtoni, mhandisi huyo anajua kamera iko upande gani.

Pale bandarini tunataka ubao. Ubao tu, wa mbao, wa rangi. Uandikwe: pano inalipa hiki, batri inalipa hiki, kwa ofisi hii moja, na unapewa risiti. Pembeni ya ubao iwekwe mita ya kupimia na kile kifaa cha kupimia volti ambacho bei yake haifiki bei ya kuku wawili. Pano ya uongo irudi ilikotoka na boti lililoileta. Tukilipa kodi, angalau itukinge.

Kama kampuni inakuja kuweka kituo cha jua na waya kwa mji, mkataba usomwe hadharani, kwa Kiswahili, bei ya kilowati-saa ijulikane kabla ya nguzo ya kwanza kuchimbiwa. Hatutaki kuamka siku moja tukute jua la Moba limeuzwa Kalemie ndani ya hoteli.

Na batri zilizokufa! Zina risasi na asidi, ni sumu. Leo zinatupwa kwenye mabonde na mvua inazipeleka ziwani, ziwa ambalo tunakunywa na kula. Watoto wanazivunja kutafuta risasi ya kuyeyusha kwa nyavu. Hili tunaweza kulianza sisi wenyewe bila kumngoja mtu. Tumeomba nafasi ya kuzikusanya mahali pamoja penye sakafu ya simiti na paa. Hatujajibiwa bado.

Jumamosi hii tutakuwa Moba-Port kuanzia saa mbili ya asubuhi, karibu na mahali maboti yanaposhusha mizigo. Hatuchomi tairi, hatufungi barabara. Tunakuja na mita kumi za fundi cherehani na vipimo viwili vya volti tulivyochangia. Kila anayenunua pano au batri, tutampimia bure na kumwandikia kwenye kikaratasi namba ya kweli. Wauzaji walio wanyofu wasituogope, tutawapimia na wao, na biashara yao itapata jina. Kama polisi watakuja, watukute tunapima. Wakitaka, walete za nyumbani kwao, tunajua na zao zinakufa.

Wa Kirungu, shukeni na batri zenu zilizokufa. Tafuteni pikipiki moja kwa watu wanne, gawaneni bei. Zifungeni wima, msizilaze, asidi isimwagikie miguu.